Swali Lisiloulizwa Nalo Huua

Upandikizaji wa viungo ni mojawapo ya fahari kuu za tiba ya karne iliyopita. Tangu Desemba 1954, Dkt Joseph Murray na wenzake walipohamisha figo kutoka kwa pacha mmoja hadi kwa nduguye mjini Boston, Marekani, watu wengi mno waliokuwa wamekwisha kukatiwa tamaa wamerudishiwa uhai. Hata hivyo, kiungo kinachookoa maisha huweza pia kubeba kirusi kitakachoyaangamiza maisha hayo hayo. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba hatari hiyo haisababishwi na upungufu wa mashine pekee. Mara nyingi kirusi kimepenya palipokosekana swali, palipokosewa neno, au paliposikika jibu visivyo. Ikiwa ndivyo, basi suala hili si la madaktari peke yao; linatuhusu pia sisi tunaofundisha lugha pamoja na wanafunzi wetu.

Tuanze na neno lenyewe. Kupandikiza ni istilahi iliyotoka shambani. Mkulima ang'oapo mche kitaluni na kuupeleka shambani, haupeleki peke yake. Mche huenda na udongo ulioshikamana na mizizi, na ndani ya udongo huo wamo wadudu asiowaona kwa macho. Figo, ini, moyo na mapafu huhamishwa vivyo hivyo. Kiungo huingia mwilini mwa mpokeaji kikiwa na damu, chembe na virusi ambavyo mtoaji alikuwa navyo, awe alivijua au hakuvijua.

Jambo la pili ni kinga. Mwili wa binadamu hukitambua kiungo kigeni na kukishambulia kama adui. Ili kisikataliwe, mgonjwa hupewa dawa za kuipunguza nguvu kinga yake, na dawa hizo hazichagui. Zinapomzuia askari asimshambulie mgeni mwema, humzuia pia asimshambulie mwizi. Bara letu lilikuwa miongoni mwa waliolishuhudia jambo hili mapema. Tarehe 3 Desemba 1967, Profesa Christiaan Barnard alimpandikiza Louis Washkansky moyo wa mtu mwingine katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Moyo ule ulipiga barabara. Hata hivyo, baada ya siku 18 mgonjwa alifariki kwa nimonia, ambayo mwili wake uliodhoofishwa kinga haukuweza kuizuia. Kwa hiyo kirusi ambacho mtu mwenye afya angekiugua siku tatu akapona, chaweza kumuua aliyepandikizwa kiungo.

Ni haki tueleze ukubwa wa hatari hii bila kuutia chumvi. Vipo virusi, kama vile saitomegalovirusi na kile cha Epstein-Barr, ambavyo watu wazima wengi duniani wanavyo bila kuugua. Madaktari huvitarajia, huvipima, na huwapa wapokeaji dawa au kuwafuatilia kwa karibu. Maambukizi yasiyotarajiwa ni nadra; hukadiriwa kuwa hayafiki mpokeaji 1 katika kila 100. Mgonjwa ambaye figo zake zimekufa ana hatari kubwa zaidi ya kupoteza maisha akikosa kiungo kuliko akikipata. Basi asije mtu akasoma makala haya akamkataza nduguye matibabu. Hoja yangu ni kwamba, kati ya vifo hivyo nadra, vimo ambavyo yamkini vingeepukwa kwa gharama ya maneno machache tu.

Tutazame mifano. Mwaka wa 2004 huko Marekani, mtu mmoja aliyefariki kutokana na kuvuja damu kichwani alitolewa ini na figo mbili, wakapewa wagonjwa watatu. Mgonjwa wa nne, aliyekuwa akipandikizwa ini la mtu mwingine, alitiwa kipande cha mshipa wa damu wa marehemu huyo. Wote wanne walikufa kwa kichaa cha mbwa. Wachunguzi walipowarudia watu waliomfahamu marehemu, ndipo ilipobainika kwamba aliwahi kusema kuwa aliumwa na popo.

Mwaka uliofuata, wagonjwa wanne katika majimbo ya Massachusetts na Rhode Island walipokea viungo vya mtoaji mmoja, na watatu wakafa. Chanzo kilikuwa kirusi cha panya kiitwacho kwa kifupi LCMV. Nyumbani kwa mtoaji kulikuwa na hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya anayefugwa kwa mapenzi kama watu wafugavyo paka. Mwaka wa 2013 katika jimbo la Maryland, mtu aliyepandikizwa figo miezi 18 kabla alikufa kwa kichaa cha mbwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba mtoaji wake aliwahi kuumwa mara mbili na rakuni, mnyama wa mwituni wa huko, wala hakutafuta matibabu. Wapokeaji wengine watatu wa viungo vyake walichanjwa mara moja, wakanusurika.

Katika visa hivi vyote kuna jambo moja linalofanana. Habari ilikuwapo. Haikuwa imefichika kwenye chembe ambayo darubini haiwezi kuiona. Ilikuwa katika vinywa na nyumba za ndugu, jamaa na marafiki. Ilipatikana baada ya mazishi, kwa kuwa wakati huo ndipo lilipoulizwa swali lililofaa, kwa aliyestahili kuulizwa, kwa maneno yaliyofaa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hapa hatuna budi kuongeza kwamba kuuliza ni kinga.

Yupo atakayesema kwamba maabara hutosha. Hebu tuone. Kila kirusi kina muda baada ya kuingia mwilini ambapo kipimo hakikioni, na muda huo wataalamu huuita kipindi cha dirisha. Vipimo vya kawaida vya virusi vya Ukimwi husaka kingamwili, yaani silaha ambazo mwili huzitengeneza ili kupambana na kirusi, nazo huchukua majuma kadhaa kuonekana. Vipimo vipya husaka kirusi chenyewe na hulifupisha dirisha hilo hadi siku chache, lakini havilifungi kabisa. Mwezi wa Januari 2007 mjini Chicago, wagonjwa wanne waliambukizwa virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini aina ya C kutoka kwa mtoaji mmoja ambaye vipimo vyake vya kingamwili havikuonyesha lolote. Ajabu ni kwamba hojaji ilikuwa imeshamtaja mtoaji huyo kuwa katika kundi lenye hatari kubwa. Swali liliulizwa na jibu likapatikana. Hata hivyo, mmoja wa wapokeaji alikwenda mahakamani akidai kwamba habari hiyo haikumfikia yeye kabla ya kutia saini. Palipo na dirisha ambalo mashine haiwezi kulifunga, linalobaki ni mazungumzo ya kweli.

Hata pale ambapo mashine imesema kweli, bado ulimi na kalamu huweza kuigeuza. Mwaka huo huo wa 2007 nchini Italia, katika jimbo la Toscana, wagonjwa watatu walipewa viungo vyenye virusi vya Ukimwi kwa sababu matokeo yalinakiliwa visivyo. Maabara ilikiona kirusi, karatasi ikasema hakipo. Mwezi wa Agosti 2011 huko Taiwan, matokeo ya mtoaji yalipashwa kwa njia ya simu. Aliyepokea simu alidhani amesikia neno la kukanusha, na kumbe lililotamkwa lilikuwa la kuthibitisha. Wagonjwa watano wakapandikizwa viungo vya mtu mwenye virusi vya Ukimwi. Kilichotenganisha usalama na maafa kilikuwa silabi moja ya ukanushi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walinena wazee, nao hawakuwa wameona simu.

Sasa turudi kwetu nyumbani. Nchini Kenya sehemu kubwa ya figo zinazopandikizwa hutolewa na watu walio hai, aghalabu jamaa wa mgonjwa. Wahudumu wetu wa afya husomea taaluma yao kwa Kiingereza, kisha hukutana na mgonjwa na jamaa ambao huzungumza Kiswahili, Kikamba, Dholuo au Kiborana. Tafsiri hufanywa papo kwa papo, kila mmoja kwa namna yake. Na tafsiri hiyo, msomaji wangu, ina mitego ambayo mwanafunzi yeyote wa Kiswahili anaweza kuibainisha.

Chukua kitenzi kuumwa. Muuguzi akiuliza, "Je, aliumwa mwaka huu?" mmoja ataelewa kwamba anaulizwa kuhusu maradhi, na mwingine ataelewa kuhusu meno ya mnyama. Anayejibu la kwanza hatataja la pili. Chukua pia jina kichaa cha mbwa. Lenyewe limeshamtaja mbwa, basi jamaa akiulizwa kama marehemu alipata kuumwa na mbwa atajibu kwa kweli kabisa kwamba hapana, ilhali aliumwa na paka, mbweha au mnyama mwingine aliyekuwa na kirusi hicho hicho. Hakuna aliyesema uongo. Jina la ugonjwa ndilo lililoubana mlango wa jibu.

Manjano nayo yana utata wake. Homa ya manjano ni ugonjwa mmoja, unaoenezwa na mbu. Macho kuwa manjano ni dalili tu, na huweza kutokana na homa ya ini aina ya B au C, ambazo ni miongoni mwa virusi vinavyohofiwa zaidi katika upandikizaji. Mama akisema mwanawe "aliwahi kuugua manjano," daktari ameambiwa lipi kati ya hayo?

Maneno chanya na hasi ni mtego mwingine. Shuleni tumezoea kusema maendeleo chanya na mtazamo chanya, tukikusudia jambo jema. Mtu wa kawaida akiambiwa kwamba matokeo yake ni chanya, kwa nini asishangilie? Tena kuna ana na hana. Katika kauli "ana virusi" na "hana virusi," tofauti yote imebebwa na sauti moja nyepesi ambayo lafudhi za wasemaji wengi huimeza, au huiongeza pasipostahili. Itamke kauli hiyo kwenye simu yenye mkwaruzo, usiku wa manane, kwa mtu aliyechoka, na utaona kwamba yaliyotokea Taiwan hayako mbali na sisi hata kidogo.

Fauka ya utata wa maneno, ipo mila ya kunyamaza. Katika jamii zetu nyingi marehemu hasemwi vibaya, na maradhi ya Ukimwi hutajwa kwa mafumbo: ugonjwa wa siku hizi, au ule ugonjwa. Tafsida ni pambo la lugha na ni alama ya heshima, siitaki iondoke. Lakini anayemhoji mzazi aliyefiwa kuhusu maisha ya faragha ya mwanawe anahitaji ustadi wa kutumia lugha ya staha bila ya kuipoteza maana. Ustadi huo hauji wenyewe. Hufundishwa, nao una jina katika taaluma yetu: isimujamii. Mficha maradhi kilio kitamfichua, ndiyo, lakini aliyeulizwa kwa ukali au kwa lugha asiyoielewa hakuficha. Alinyimwa nafasi ya kusema.

Kuna kinachoyafunga makanwa zaidi ya haya, nacho ni fedha. Mwaka wa 1970 msomi Mwingereza Richard Titmuss alichapisha kitabu kuhusu utoaji wa damu, akahoji kwamba damu inayouzwa ni ya hatari kuliko inayotolewa kwa hisani, kwa kuwa muuzaji ana sababu ya kuficha maradhi yake. Mantiki hiyo inahusu figo vile vile. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inakataza biashara ya viungo nchini Kenya. Hata hivyo, Aprili 2025 Waziri wa Afya, Bw Aden Duale, alisimamisha huduma za kupandikiza figo katika hospitali moja ya kibinafsi mjini Eldoret, kufuatia ripoti za vyombo vya habari vya kigeni zilizodai kwamba vijana maskini walikuwa wakilipwa ili watoe figo. Hospitali ilikanusha, na kamati ya wataalamu ikaundwa kuchunguza. Si kazi ya makala haya kuhukumu. Lakini tujiulize: kijana ambaye anahitaji pesa kesho asubuhi, akiulizwa leo jioni kama aliwahi kuugua au kuwa katika hatari ya kuambukizwa, atajibu nini? Palipo na bei, jibu la hojaji limekwisha kununuliwa. Wanaopinga biashara hii kwa ajili ya utu wa mtoaji wana haki. Wangefaa pia kukumbusha kwamba mpokeaji naye anauziwa kitu asichokijua.

Huenda mwenzangu wa kitivo cha tiba akaniambia kwamba ninatukuza maneno kupita kiasi, na kwamba kinachohitajika ni vipimo bora na fedha za kuvinunua. Nakubaliana naye nusu ya njia. Mwezi wa Oktoba 2024 huko Rio de Janeiro, Brazil, ilibainika kwamba wagonjwa sita waliambukizwa virusi vya Ukimwi kupitia viungo vya watoaji wawili, baada ya maabara kutoa matokeo ya uongo. Hakuna ufasaha wa lugha ambao ungefidia maabara mbovu. Vivyo hivyo, mwaka wa 2002 wagonjwa wanne Marekani waliambukizwa kirusi cha West Nile kutoka kwa mtoaji mmoja, ambaye naye alikipata katika damu aliyoongezewa hospitalini baada ya ajali. Jamaa zake wasingeweza kulijua hilo hata wangeulizwa mara mia. Kirusi hicho kina jina la wilaya ya jirani zetu wa Uganda, kilikotambuliwa mara ya kwanza mwaka wa 1937.

Lakini nusu ya pili ya njia ninaishikilia, na ushahidi wangu unatoka Cape Town. Kuanzia mwaka wa 2008 Dkt Elmi Muller na wenzake katika hospitali ile ile ya Groote Schuur walipandikiza figo za watoaji wenye virusi vya Ukimwi kwa wagonjwa ambao nao tayari walikuwa na virusi hivyo. Mwaka wa 2015 walichapisha matokeo ya wagonjwa 27, nayo yalikuwa ya kutia moyo. Siku hizi hata figo yenye homa ya ini aina ya C huweza kupewa mgonjwa asiye nayo, kwa ridhaa yake, kisha akatibiwa kwa dawa zinazoponya karibu wote wanaozitumia. Funzo ni nini? Kirusi kinachojulikana, kikatajwa kwa jina, na mgonjwa akaelezwa akakubali, kinaweza kukabiliwa. Kinachotisha zaidi ni kile ambacho hakikutajwa. Mpaka kati ya hivi viwili ni mpaka wa lugha.

Tufanyeje basi? Kwanza, pawe na hojaji moja ya kitaifa ya kuwahoji watoaji na jamaa zao, iliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu na kujaribiwa kwa watu wa kawaida kabla ya kutumiwa. Isiulize, "Je, aliumwa?" Iulize, "Je, mnyama yeyote, wa kufugwa au wa mwitu, alimng'ata au kumkwaruza?" Pili, matokeo ya maabara yasipashwe kwa ana na hana wala kwa chanya na hasi. Yaandikwe kwa sentensi kamili, na anayeyapokea kwa simu ayarudie neno kwa neno kabla ya simu kukatwa. Tatu, wahoji wafunzwe lugha ya mazungumzo na waliofiwa. Haya si anasa. Katiba ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na Sheria ya Afya niliyoitaja inamtaka mhudumu, inapowezekana, ampe mgonjwa maelezo kwa lugha anayoielewa. Kinachokosekana ni watu wa kuitekeleza amri hiyo.

Watu hao ni nani, kama si sisi? Idara za Kiswahili katika vyuo vyetu huandika tasnifu nyingi kuhusu fani na maudhui, na ni vyema. Lakini ni wangapi kati ya wanafunzi wetu waliowahi kukaa katika chumba cha kusubiri cha hospitali wakaandika jinsi swali la daktari linavyogeuka likifika sikioni mwa mkulima? Mwalimu wa shule ya upili afundishapo utata wa maneno, na aache mara moja ule mfano wa kaa na paa ambao kila mtahiniwa anaukariri, awape wanafunzi wake kitenzi kuumwa, awaulize ni nani anaweza kufa kwa sababu yake. Watamwelewa upesi. Na siku mmoja wao atakapovaa koti jeupe, au atakapokaa kando ya kitanda cha nduguye akiulizwa habari zake, atajua kwamba neno aliloshika kinywani lina uzito sawa na kisu kilichoko mkononi mwa mpasuaji.